Raba Chini ya Injini
Mhadhara kuhusu kutuliza mtetemo wa mashine za kupulizia mikorosho Nachingwea na Ruangwa

Injini ya pistoni moja haina namna ya kutulia. Pistoni ikifika juu husimama, hugeuka na kushuka. Ikifika chini husimama tena, hugeuka na kupanda. Kila inapogeuka, chuma kinachoishika husukumwa upande wa pili. Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hufanya hivyo mara 100 kila sekunde, na nguvu ya msukumo huo haipandi sawasawa na kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Ndiyo maana mashine iliyotulia ikiwa kwenye sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kazi, humtikisa mbebaji mwili mzima mara inapopewa mafuta.

Kiwanda hujaribu kupunguza tatizo kwa kuweka uzito wa kusawazisha kwenye kranki. Lakini uzito huo unazunguka, na pistoni inakwenda juu na chini tu. Uzito ukiwa mkubwa wa kutosha kuua mtetemo wote wa juu na chini, huzaa mwingine wa kushoto na kulia, wenye nguvu ileile. Mtengenezaji hulazimika kuchagua kati na kati, na kila injini ya aina hii hutoka kiwandani na mtetemo wake ndani. Hakuna fundi wa Nachingwea wala wa Ujerumani awezaye kuuondoa wote. Kinachowezekana ni kuuzuia usivuke kwenda kwenye kitu kingine, na hapo ndipo raba inapoingia kazini.

Katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, kitu hicho kingine ni mgongo wa mtu. Mikorosho inapoanza kuchanua, kuanzia Juni hivi, wapuliziaji hutoka alfajiri, wakati upepo haujaamka na umande ungali juu ya majani, wakiwa wamebeba injini ndogo za petroli zinazorusha unga wa salfa hadi kwenye matawi ya juu. Wanapigana na ubwiri unga, ukungu unaokausha maua kabla hayajashika korosho. Vita hivyo vina historia nzito. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho; katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: wakulima kuhamishwa kutoka kwenye mashamba yao wakati wa vijiji vya ujamaa, bei duni, na ubwiri unga. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara mjini, walionyesha kwamba salfa inaweza kuuzuia ugonjwa huo. Mashine ya mgongoni ndiyo iliyoifikisha salfa mtini, na korosho ya kusini isingerudi ilivyorudi bila watu waliokubali kuibeba.

Kwa hiyo ni haki watu hao wafikiriwe. Salfa, ruzuku, bei ya mnada na stakabadhi ghalani huzungumzwa katika kila mkutano wa chama cha msingi. Mtetemo unaopita kwenye mabega na viganja vya mpuliziaji hauzungumzwi, ingawa dawa yake inaweza kukatwa kwa kisu na kupimwa kwa rula.

Waliolichunguza jambo hili kwa bidii kubwa, kwa kutumia vifaa vya nyumbani, ni wapenzi wa ndege za mfano. Injini zao ni ndugu wa damu wa injini ya kupulizia: pistoni moja, mara nyingi ya viharusi viwili, mafuta ya kulainisha yakiwa yamechanganywa na mafuta ya kuwakia, na panga la kusukuma hewa likiwa limefungwa moja kwa moja kwenye kranki. Tofauti ni udogo na kasi. Injini ya ndege ya mfano yenye sentimita za ujazo 10 huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, nayo imefungwa kwenye kiunzi cha mbao nyepesi sana kilichobeba redio, betri na mota ndogo za usukani. Mtetemo huifanyia ndege hiyo mambo matatu. Hulegeza skrubu na kupasua viungo vya risasi kwenye saketi. Hula mota za usukani mpaka zinakuwa na uchezaji. La tatu ndilo huangusha ndege: mafuta ndani ya tangi huchapwa mpaka yanatoa povu, kabureta hunyonya mapovu badala ya mafuta, injini hukosa ulainisho, hupata joto, halafu huzima ikiwa angani.

Marubani hao wa ardhini walijifunza kufunga injini kwenye kibao kimoja, kufunga kibao kingine kwenye mwili wa ndege, na kuweka kati yake vipande vinne vya raba. Siri ya kazi ilikuwa moja, na ilihitaji nidhamu: pasiwe na boliti hata moja inayogusa vibao vyote viwili kwa chuma. Boliti ikipita katikati ya raba na kukaza chuma juu na chuma chini, raba inakuwa pambo. Mtetemo hupita ndani ya boliti kana kwamba raba haipo.

Viwanda vikubwa vilikwisha kuijua njia hiyo. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliuza gari la Plymouth ambalo injini yake ilikalia raba badala ya kukazwa moja kwa moja kwenye chesisi, na mwaka uliofuata Citroën ya Ufaransa ikaanza kuutumia ufundi huo kwa leseni. Mashine nzuri za kupulizia nazo huja na raba au springi kati ya injini na fremu ya mgongoni. Stihl SR 420, kwa mfano, yenye injini ya sentimita za ujazo 56.5 na uzito wa kilo 11 hivi ikiwa tupu, imeundwa hivyo. Tatizo huanza baada ya misimu kadhaa, raba zile zinapopasuka na za asili hazipatikani dukani. Mara nyingi fundi huziba pengo kwa wosha za chuma, au hukata kipande cha tairi na kukikaza kwa nguvu zote. Mashine inashika. Haichezi tena. Mwenye mashine anafurahi, mpaka asubuhi ya kwanza ya kazi.

Hapa panahitaji hesabu kidogo, kwa sababu makosa mengi huanzia hapa. Mzigo wowote uliokalia kitu laini una mapigo yake ya asili. Ukiusukuma na kuuachia, hurukaruka mara kadhaa kwa sekunde, na idadi hiyo hutegemea ulaini wa kikalio na uzito wa mzigo. Jambo zuri ni kwamba fundi hahitaji kompyuta kuipata. Anahitaji kujua raba inabonyea milimita ngapi inapobebeshwa injini. Achukue 16, agawanye kwa kipeuo cha pili cha milimita hizo. Raba ikishuka milimita 1, mapigo ya asili ni 16 hivi kwa sekunde. Ikishuka milimita 4, ni 8. Ikishuka robo ya milimita, ni 32.

Sasa alinganishe na mapigo ya injini yenyewe. Kikalio huanza kusaidia pale tu injini inapopiga zaidi ya mara 1.4 ya mapigo ya asili. Ikifika mara 3, kwa hesabu za vitabuni, sehemu ya nane tu ya mtetemo ndiyo inayovuka. Injini ya kupulizia ikiwa kwenye sailensa ya mizunguko 2,500 hupiga mara 42 hivi kwa sekunde. Ikiwa kazini kwa mizunguko 6,000 hupiga mara 100. Raba inayoshuka milimita 1 inatosha kabisa kwa hali zote mbili, hata baada ya kukumbuka kwamba raba inayotikiswa upesi huwa ngumu kidogo kuliko raba iliyobonyezwa polepole.

Na kile kipande cha tairi kilichokazwa? Chukulia kwamba kinashuka milimita 0.03 tu, unene wa unywele mwembamba. Mapigo yake ya asili ni 92 hivi kwa sekunde, ambayo ni mizunguko 5,500 kwa dakika, karibu kabisa na kasi ya kazi. Mapigo mawili yakikutana, kila msukumo wa pistoni hufika wakati mzigo unaelekea upande uleule, na mtetemo hukua badala ya kufa. Raba ngumu mahali pabaya humtikisa mpuliziaji kuliko chuma kitupu. Hili ndilo jambo ambalo kila karakana ingepaswa kulishika kabla ya kushika kisu: swali la kwanza si kama kuna raba, ni raba hiyo inashuka kiasi gani.

Kupima milimita moja kwa jicho ni kazi, lakini pana njia. Injini yenye uzito wa kilo 5 ikalishwe juu ya raba zake nne mezani, na urefu wa pengo upimwe kwa rula ya chuma. Kisha juu yake uwekwe mzigo wa kilo 15, kwa mfano ndoo ya maji, uzito wa ndoo yenyewe ukihesabiwa humo, na pengo lipimwe tena. Tofauti igawanywe kwa tatu. Ikiwa raba zimeshuka milimita 3 kwa kilo 15, zitashuka milimita 1 hivi kwa kilo 5 za injini.

Ulaini wenyewe hautokani na aina ya mpira peke yake. Umbo lina nguvu zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Raba haipungui ujazo inapobanwa. Inahitaji nafasi ya kufutuka pembeni. Kipande kipana na chembamba kilichobanwa kati ya vyuma viwili hakina pa kufutukia, na huwa kigumu ajabu hata kama mpira wenyewe ni laini. Mpira huohuo ukikatwa mrefu na mwembamba, kama kizibo cha chupa kilichosimama, hubonyea bila shida. Kipande cha urefu wa milimita 20 kinachoshuka milimita 1 kinafanya kazi nyepesi na kitadumu. Cha milimita 4 kinacholazimishwa kushuka kiasi hichohicho kinabebeshwa robo ya urefu wake na kitachoka mapema. Raba pia ni laini zaidi inapovutwa kwa ubavu kuliko inapokandamizwa, na hiyo ndiyo sababu vikalio vingi vya kiwandani huwekwa vimelala au vimeinama.

Mitaa ya Nachingwea mjini na Ruangwa mjini ina raba ya kila namna, lakini si kila namna inafaa. Tairi lina nyuzi au waya ndani yake. Ni imara lakini gumu, na kwa injini nyepesi ya mgongoni mara nyingi ni gumu kupita kiasi. Kandambili ni laini siku ya kwanza, kisha hujilaza na haziinuki tena, na joto la ekzosi huziyeyusha. Tyubu ya gari au ya trekta ni bora. Inavutika, inarudi, na pete pana zilizokatwa humo zinaweza kuishikilia injini ikining'inia ndani ya fremu badala ya kukaa juu yake, jambo linaloleta ulaini mwingi kwa raba kidogo. Bushi za zamani za gari au pikipiki, zile ambazo raba yake imegandishwa kiwandani kati ya chuma cha ndani na cha nje, ni nzuri kuliko vyote zikipatikana zisizopasuka. Kiwanda kimekwisha kufanya ile kazi ngumu ya kugandisha raba kwenye chuma, ambayo gundi ya dukani haiwezi kuidumisha.

Petroli ni adui wa tyubu. Mpira wake ukinywa petroli na oili huvimba, hulainika na kuchanika. Mashine inayovuja kwenye kabureta itamaliza raba za nyumbani ndani ya muda mfupi, kwa hiyo uvujaji uzibwe kwanza. Upande wa ekzosi uwekewe bati la kukinga joto, na pabaki upenyo wa hewa kati ya bati na raba.

Kabla ya hayo yote, feni itazamwe. Salfa iliyochanganyika na unyevu wa alfajiri huganda kwenye mapanga, na panga lililobeba gramu chache zaidi ya wenzake hutikisa mashine kwa kila mzunguko. Panga lililomeguka ni baya zaidi. Wapenda ndege za mfano hawafungi raba yoyote kabla ya kusawazisha panga lao juu ya pini mbili laini, wakikwangua upande mzito mpaka panga linakaa popote linapoachwa. Mpuliziaji naye asafishe feni kwa brashi na kuikagua. Mara nyingi nusu ya malalamiko huishia hapo, na raba hubaki na kazi yake halali.

Injini ikishakalia raba, inacheza. Lazima icheze, hiyo ndiyo maana ya kikalio laini. Bomba la mafuta liwe na ulegevu, waya wa mafuta usivutwe kama uzi wa gitaa, na kisiwepo chuma cha pembeni kinachogusa injini na fremu kwa pamoja. Daraja moja dogo la chuma linatosha kubatilisha raba zote nne. Tena, wakati wa kuwasha na kuzima, injini hupita kwenye yale mapigo ya asili na huruka kwa sekunde moja au mbili. Kwa hiyo pawe na kizuizi cha raba kinachoipokea ikiruka, chenye nafasi ya milimita 5 hivi wakati wa kazi, na waya imara wa usalama uliolegea, utakaoishika injini iwapo raba itakatika mtu akiwa ameibeba. Feni inayozunguka kwa kasi nyuma ya shingo ya mtu haipaswi kutegemea mpira peke yake.

Huko huko vijijini kuna injini nyingine inayotetema: ya mashine ya kusaga. Fundi aliyefaulu kwenye mashine ya kupulizia atashawishika kuweka raba na huko, na hapo asitumie vipimo vilevile. Injini ya Lister ya zamani yenye magurudumu mazito huzunguka mara 650 kwa dakika, yaani chini ya mara 11 kwa sekunde. Ili kikalio kianze tu kuisaidia, kingehitaji kushuka zaidi ya milimita 4. Ili kiisaidie kweli, milimita 20. Raba ya milimita 1 chini ya Lister ingeiacha injini ikipiga chini ya mapigo ya asili, mahali ambapo mtetemo hukua badala ya kupungua, na ukuta wa kinu ungepasuka upesi kuliko awali. Kwa injini hiyo zege zito lililochimbiwa ardhini ndilo jibu. Dizeli ya Kichina ya S195, inayozunguka mara 2,000 kwa dakika, inaweza kukubali raba, lakini mkanda wa kusagia utaivuta injini upande mmoja na raba zitalala.

Pikipiki ya Norton Commando, iliyoonyeshwa Uingereza mwaka 1967, ilikutana na kikwazo cha aina hiyo kwenye mnyororo. Wahandisi wake walifunga injini, giaboksi na mkono wa gurudumu la nyuma pamoja, kisha wakaweka raba kati ya kundi hilo zima na fremu anayokalia mwendeshaji. Mnyororo ukavuta ndani ya kundi, raba zisijue. Mwenye kinu anaweza kufanya hivyohivyo: injini na kinu vifungwe kwenye fremu moja ya chuma, na raba ziwe chini ya fremu hiyo.

Kuhusu mwili wa mpuliziaji, ushahidi ni wa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1911 daktari wa Kiitalia Giovanni Loriga alieleza ugonjwa wa vidole kwa wafanyakazi waliotumia nyundo za upepo; mwaka 1918 Alice Hamilton aliukuta kwa wakata mawe ya chokaa wa Bedford, Indiana. Vidole viliganda na kuwa vyeupe kwenye baridi, na hisia ikapotea. Katika nchi za joto weupe huo hauonekani kwa urahisi, hivyo mgonjwa hudhani ni mzima. Kinachotangulia ni ganzi, kuwashwa kwa ncha za vidole usiku, na kushindwa kushika sindano au kufunga kifungo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2002, uliweka mpaka wa mtetemo wa mkono kuwa mita 5 kwa sekunde kwa sekunde kwa siku ya saa nane, na kumtaka mwajiri achukue hatua ukifika nusu ya hapo. Mpuliziaji anayelipwa kwa mti mmoja mmoja hana mwajiri wa kumpimia. Ana raba tu kati yake na injini, na mapumziko anayojipa mwenyewe.

Kazi hii inafaa kufanywa Mei, kabla mashine hazijatoka stoo. Chama cha msingi kingeweza kumwita fundi mmoja, kikatoa tyubu chakavu na bushi za gereji, na mashine za wanachama zikapimwa moja baada ya nyingine kwa rula na ndoo ya maji. Chuo cha ufundi cha VETA Lindi na ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, vina watu wanaoweza kuchonga kalibu ya kukatia raba za urefu mmoja, ili fundi asikate kwa kukisia. Kila seti iandikwe kwa rangi milimita ilizoshuka na uzito uliotumika, ili msimu ujao ipimwe tena: raba iliyoshuka 1 mwaka huu na 2 mwaka kesho imechoka, na iliyobaki ngumu kama kwato imepikwa na joto. Zote mbili zitolewe, na boliti zake zikaguliwe nyufa kabla mashine haijarudishwa mgongoni.